Upepo Nilioutoa Kwenye Tairi Lako

Robi mwanangu,

Tairi lako la nyuma, upande wa kushoto, halikuwa limekatika. Mimi ndiye niliyelitoa upepo. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na kesho utaondoka ukiwa bado unaamini uongo wangu.

Sasa hivi umevuka daraja kwenda Mbita kujaza mtungi wa gesi. Jua bado liko juu. Nimekaa ndani ya trela, kwenye meza ile inayogeuka kitanda, na kupitia dirishani naliona gari lako limesimama nje ya lango, limenipa mgongo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mama yako alikuwa Mkuria, mimi Mjaluo, na hakuna aliyetaka mwenzake awe mgeni mezani. Kijaluo ulikuja kukipata huku Rusinga, kwa Dani, mama yangu, baada ya mambo kuharibika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufunga mlango unapolala. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuambia nililofanya na kwa nini nilifanya, halafu uamue mwenyewe kama kesho utaniaga au hutaniaga. Hilo ndilo ninaloliogopa. Sina hofu nyingine iliyobaki.

Ilikuwa Jumapili ile ambayo kesho yake ungeondoka. Ulienda kanisani na Dani. Mimi nilisema goti linaniuma, na kweli lilikuwa linauma, lakini si la kumzuia mtu kuimba. Nilipobaki peke yangu nilitoka nje ya lango, nikalizunguka gari lako mara mbili kama mnunuzi. Nikainama. Nikafungua kifuniko cha valvu, nikatoa kile kisindano cha ndani, upepo ukaanza kutoka. Robi, kwa zaidi ya miaka thelathini nimezisikia tairi zikilia hivyo, na kazi yangu ni kuzinyamazisha. Siku ile nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikarudisha kisindano mahali pake, nikaingia ndani, nikajilaza kama mgonjwa.

Ukaja unakimbia na nguo zako za kanisa.

"Baba! Tairi limelala."

"Lipi?" nikakuuliza. Nilikuuliza lipi.

Nililifungua, nikalitoa kwenye rimu, nikaliweka kwenye karai la maji, nikalizungusha polepole. Wewe ulikuwa umechuchumaa mbele yangu, umekunja gauni magotini, ukitafuta mapovu ambayo nilijua hayatatokea.

"Tobo liko wapi?"

"Si tobo. Ukuta umekatika kwa ndani."

"Hauzibiki?"

"Ukuta hauzibwi, mwanangu. Ukiziba ukuta unamchimbia mtu kaburi barabarani."

Maneno hayo ni ya kweli. Kila fundi wa pancha mwenye adabu ya kazi anayajua, na nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa na miaka kumi. Ndiyo maana hukuuliza tena. Niliuchukua ukweli wa kazi yangu nikauvalisha uongo wangu.

Baada ya hapo uongo ukawa mwepesi. Ulitafuta saizi yake Mbita, ukakosa. Nikakuambia nina rafiki kule mjini Awendo, nitampigia alete. Sikumpigia. Kila ulipouliza nilisema, "Anasema kesho." Siku ya kumi na mbili ukachoka, ukapanda pikipiki mpaka Homa Bay, ukarudi na tairi jipya umelikumbatia mapajani, uso wote vumbi. Nikalifunga. Nilipokaza nati ya mwisho ukanishika bega, ukasema, "Asante Baba. Bila wewe ningepasukia njiani."

Tangu siku hiyo silali vizuri.

Halafu kuna ile kazi ya Sori. Nilikuwa nimekaa hapa hapa dirishani wakati katibu wa wavuvi wa ufuo ule alipokupigia. Nilisikia upande wako tu. "Ndiyo, mkubwa. Naelewa, mkubwa. Samaki hawangoji, najua." Ukakata simu, ukaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Kazi ile ya kutunza friji zao za sola, ambayo uliitafuta kwa miezi, ikaenda kwa mtu mwingine kwa sababu hukufika siku uliyoahidi. Sasa umebaki na kazi ya Muhuru Bay peke yake, mpakani kabisa, mbali na kila mtu unayemjua. Ulimwambia Dani kosa ni lako, kwamba ulinunua gari bila kukagua tairi. Nilikuwepo. Nilikuwa nakula. Nikaendelea kula.

Sasa nitakuambia ilikotoka roho hiyo. Sisemi ili unihurumie. Nasema kwa sababu sehemu yake ni yako na nimekunyima kwa miaka kumi na mitano.

Trela hii ilikuwa ya watu waliotengeneza barabara. Walipomaliza kazi waliiacha kwa mwenye shamba mmoja karibu na Awendo, naye akawa anafugia kuku ndani. Mama yako ndiye aliyeiona. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja, uko mgongoni kwake. Aliingia, akatoka na manyoya kwenye kitambaa cha kichwa, akasema, "Baba Robi, hii ni nyumba."

"Hii ni banda la kuku."

"Kuku ni wapangaji tu."

Aliisugua siku nne. Akapigilia misumari ukutani ya kutundikia vikombe, kila kikombe na kamba yake ili kisidondoke tukihama. Nikamkatia vipande vya tyubu kuukuu, akavifanya mipira ya kufungia vifuniko vya sufuria. Mlikuwa mkilala kwenye kitanda cha meza, mimi chini, miguu yangu ikigusa mlango.

Tulifuata miwa. Miwa ikivunwa upande huu, trekta zote ziko upande huu, na penye trekta nyingi na visiki vya miwa hapakosi pancha. Mimi nilikuwa na kompresa na jeki nyuma ya trela, mama yako chai na chapati mbele. Lakini trela haina injini. Hilo ndilo jambo ambalo mtu hulisahau akishazoea kulala ndani yake. Tulihama siku ambayo dereva wa trekta alipenda tuhame. Kulikuwa na mmoja, mcheshi sana, alikuwa akisimama mlangoni:

"Mama Chapati, leo nakuvuta kwa chapati ngapi?"

"Sita."

"Kwa sita nakufikisha pale kwenye mtaro. Hapo utasukuma na mzee wako."

"Mzee wangu akisukuma, chapati zote anakula yeye. Chukua nane uache maneno."

Nakumbuka siku moja trekta ilikuja maharage yakiwa motoni, mama yako akakataa kuyamwaga. Alisema yameanza kuiva na hayatamngoja mwanamume yeyote mwenye trekta. Akafunga sufuria kwa ile mipira, akaizungushia blanketi, akaiweka sakafuni katikati ya mito. Mimi na wewe tulipanda kwenye trekta. Tulipofika tulifungua mlango, trela nzima inanukia maharage, na hata punje moja haikumwagika. Mama yako aliinua mikono kama aliyeshinda mbio. Kumbukumbu ya furaha niliyonayo ya trela hii ndiyo hiyo hasa, na wewe nadhani huikumbuki. Basi nimekupa.

Ulipofika miaka tisa ulikuwa ukikaa kwa mama mdogo wako Awendo mjini siku za shule. Sisi tulikuwa ndani kabisa ya miwa, mahali ambapo ukisimama juu ya paa huoni kitu ila miwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na unaujua udongo ule mweusi, unashika kiatu ukikibakiza nyuma. Asubuhi mama yako aliamka ameshika tumbo, upande mmoja. Alikunywa chai, akaitapika. Saa tatu hakuweza kusimama.

Nilikuambia siku zote kwamba aliugua ghafla. Si kweli. Nilikuwa na siku nzima.

Aliniambia, "Tuache hii nyumba, twende tu."

Nikasema, "Trekta inakuja."

Barabara kubwa ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Mama yako alikuwa mwepesi. Ningembeba mgongoni. Ningemkalisha kwenye baiskeli nikaisukuma. Lakini niliwaza kompresa. Niliwaza kwamba nikiiacha trela peke yake kwenye miwa, nikirudi nitakuta hakuna mlango, hakuna jeki, hakuna kitu, na tutaanza upya kwenye chumba cha kupanga. Kwa hiyo nilingoja trekta ituvute wote, mtu na mali. Saa sita alisema tena, "Baba Robi, twende." Nikamkanda maji ya moto. Trekta ilifika saa kumi. Dereva, yule yule mcheshi, alimtazama akaacha utani, akasema, "Mpandishe hapa juu tuende." Na mimi, Robi, nikasema, "Tufunge na trela, haitachukua muda."

Tulikwama mara mbili.

Migori walimpokea mara moja. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniuliza, "Maumivu yalianza lini?" Nikamjibu, "Mchana." Hata pale nilidanganya, mbele ya mtu aliyekuwa akijaribu kumwokoa. Mama yako hakumaliza siku mbili.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mama mdogo wako anajua nusu. Dani hajui. Sasa unajua wewe.

Mazishi unayakumbuka kidogo, lakini ulikuwa mtoto, na kuna mambo yalisemwa ambayo mtoto hawekwi karibu nayo. Mwanamke aliyeolewa huku hazikwi kama hana nyumba. Lazima mwili ulale ndani ya nyumba yake kwa mumewe, halafu azikwe upande wa kushoto wa mlango wake. Mimi sikuwa nimejenga hapa. Simba yangu, kile kibanda changu cha ujana, kilikuwa kimeanguka zamani. Wazee walikuwa tayari kunisaidia tusimamishe nyumba ya udongo kwa siku mbili, vijana wangekata miti, kina mama wangekanda. Nikakataa. Nilisema ana nyumba. Nikaileta trela, imevutwa kutoka Awendo mpaka Mbita mpaka hapa, vikombe vyake vikiwa kwenye misumari.

Mzee mmoja akauliza, "Nyumba ya marehemu iko wapi?"

"Ni hiyo."

"Hiyo ni gari."

"Haina injini, baba."

"Kitu kinachosimama kwa miguu ya mpira si nyumba ya mke. Kesho ukiondoka nacho, huyu mama atakuwa amezikwa nje kama mpita njia."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Baba Mdogo Ogola, ndugu yangu, akasema, "Basi tuitoe hiyo miguu." Vijana wakacheka. Lakini mimi nilisikia suluhisho. Nikachukua spana yangu mwenyewe. Nikaipandisha kwa jeki yangu mwenyewe. Nikazifungua nati zote kwa mikono yangu, wakaweka mawe chini ya chuma, na mtu akaleta jembe akasogeza udongo kuzunguka mpaka ukagusa sakafu. Wazee wakaridhika. Mama yako alilala ndani usiku mmoja, katikati ya sufuria zake, kisha tukamzika pale unapopaona.

Nilijiambia baada ya mwezi nitarudisha magurudumu nirudi kazini. Baba Mdogo aliyaazima kwa mkokoteni wa punda wake wa kubebea maji. Kila asubuhi yalikuwa yakipita hapa mbele yamebeba mitungi, na mimi ndani, nayatazama kupitia dirishani. Mwezi ukaisha. Nikaambiwa nyumba yenye kaburi haihami. Nikasema sawa.

Ulipoanza kukua ukahamia nyumba ya Dani, kama ilivyo desturi, maana msichana mkubwa halali nyumba moja na baba yake. Nikabaki peke yangu humu. Unajua dari lilivyo. Sijawahi kusimama wima ndani ya nyumba yangu. Nikiamka naliona kaburi kabla ya kuliona ziwa. Nikilala, mlango uko miguuni. Watu wameniletea tairi za pikipiki na za baiskeli, nimeziba, wameondoka nazo zikiwa zimejaa, nimebaki.

Kwa miaka mingi nilijiambia nimefungwa na wazee. Halafu siku moja, ulipokuwa Homa Bay unasomea ufundi wa friji, Baba Mdogo alikuja kukaa hapa nje. Nikamlalamikia. Akanitazama kwa mshangao.

"Omera, ndugu yangu, nani amekukataza? Jenga chumba kimoja cha udongo hapo pembeni ya kaburi, kiwe nyumba ya mke wako, uchukue hilo sanduku lako uende. Nilidhani unalipenda."

"Mlisema haihami."

"Tulisema mwaka ule! Ulikuwa umechanganyikiwa, tukataka utulie. Wewe ni kama kuku aliyefungwa mguu sokoni. Kamba ilishaoza, mwenye kuku ameshakufa, kuku bado amelala ubavu."

Akacheka, nami nikacheka naye. Alipoondoka niliingia ndani nikatafuta hasira yangu kwa wazee, nisiione. Nikatafuta hamu ya kuondoka, nayo sikuiona. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimekaa humu kwa sababu trela hii ndiyo niliyoichagua badala ya mama yako siku ile kwenye miwa, na niliona haki yake ni kwamba nisiiache tena kamwe. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuziba pancha.

Kisha ukaja na gari lako.

Nakumbuka ulivyopiga honi nje ya lango, na Dani akadhani ni gari la abiria limepotea njia. Lilikuwa la abiria kweli, na alama za viti bado ziko sakafuni. Ukanishika mkono kunionyesha kazi ya yule mchomeleaji wa Migori. "Baba, hapa jiko. Hapa kitanda, kinakunjwa. Hapa maji. Juu paneli ya sola, hapa chini betri, hapa vyombo vyangu vya kazi." Nililipima kwa macho nikaona ni fupi kuliko trela, na kwa ndani ni jembamba zaidi. Lakini ulisimama wima katikati yake, kichwa hakikugusa paa. Nikaona vifuniko vya sufuria zako umevifunga kwa vipande vya tyubu. Sikukufundisha hilo, na nilitoka nje kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya joto kama nilivyosema.

Baba Mdogo akaja na lake. "Msichana hajengi nyumba kwa baba yake."

Ukamjibu, "Baba Mdogo, sijajenga. Nimeegesha."

Watu wote wakacheka, hata yeye. Lakini neno lake likabaki, na gari likabaki nje ya lango, na wewe ukilala huko barabarani kama mgeni. Kila mmoja alingoja nitasema nini, nikasema tule. Hilo pia ni langu.

Nikueleze ninachokijua kuhusu nyumba za magurudumu, maana ni kitu pekee nilichosomea. Trela unaweza kuiacha imesimama ukaenda zako sokoni. Gari lako huwezi: ukitaka chumvi unaenda dukani na kitanda chako. Likilazwa gereji, na wewe umelazwa, huna pa kujifunika. Kwa hiyo usiruhusu vitu vyako vyote vikae humo. Weka blanketi moja na nguo kwa rafiki, mahali ambapo unaweza kufika kwa miguu. Na siku yoyote ambayo mwili wako, au moyo wako, au mtu aliye nawe, anasema twende, liache. Liache na milango wazi. Liache na friji za watu ndani. Sitakuuliza kamwe gari liko wapi.

Lakini lina injini, na ufunguo uko mfukoni mwako. Nilipokuona siku ile umekaa kwenye kiti cha dereva, kitanda chako kikiwa nyuma yako, niliona hakuna mtu duniani utakayemngoja. Ningefurahi. Baba mwema angefurahi. Mimi niliona miwa imenizunguka pande zote na kila mwenye uwezo wa kuondoka anaondoka. Sikutaka kukuzuia milele. Nilitaka siku mbili. Nadhani kila anayemfunga mwenzake hujiambia ni siku mbili.

Ulisema utaniwekea kiti cha mbele, nije nikae Muhuru niwe naziba tairi za wachuuzi wa dagaa wa omena. Ulisema kwa utani lakini ulinitazama. Usiniulize tena kwa sasa. Nikija sasa nitakuja kama mzigo uliofungwa nyuma, na nimeshaona mwisho wa safari za namna hiyo. Siahidi kwamba nitatoka humu. Labda nitaanza na kile chumba cha udongo. Labda nitaendelea kutazama dirishani. Lakini kama nitatoka, nitatoka kwa miguu yangu, wala si kwa kushika yako.

Nimefanya mambo mawili leo asubuhi. Lile tairi zima nililolificha chini ya kitanda nimelivika rimu kuukuu, nikalijaza upepo, nikalifunga nyuma ya gari lako liwe spea. Lipime mwenyewe, usiniamini. La pili, nilimpigia katibu wa Sori.

"Wewe nani?"

"Baba yake yule fundi wa friji."

"Eh, mzee! Yule msichana tulimngoja mpaka samaki wakanuka."

"Hakuchelewa yeye. Nilimchelewesha mimi. Nilitoa upepo kwenye tairi lake."

Nikamsikia akiwaambia wenzake, nao wakacheka kicheko kile cha watu wa ufuo.

"Mzee, wewe ni mchawi ama ni baba?"

"Baba."

"Hizo kazi mbili zinakaribiana. Sasa sikiliza, nafasi imeshachukuliwa, siwezi kumfukuza mtu. Lakini nimesikia."

Hakusema zaidi. Sikukurudishia kazi yako. Nimekurudishia jina lako tu, na kwamba sasa wananicheka mimi mpaka Sori ni sawa kabisa.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya godoro lako, uikute njiani, ukifika Sindo au mbele zaidi, mahali ambapo hasira yako haiwezi kunifikia. Nilishaikunja hata. Halafu nikaona ni tabia ile ile, ya kufanya jambo wakati mtu yuko kanisani. Kwa hiyo nitakupa mkononi, kesho asubuhi, ukiwa umeshafunga kila kitu na kabla hujawasha. Isome yote. Mimi nitakaa chini, hapo hapo kando ya mlango wa dereva, nisiseme neno. Ukitaka kulia kwa ajili ya mama yako, lia, nitangoja. Ukitaka kunisema, niseme. Najua mtoto hamsemi baba yake, lakini kesho sitamwita mzee yeyote ahukumu. Ukitaka kukaa siku mbili ufikiri, kaa, lakini iwe ni wewe uliyetaka. Na ukitaka kuondoka bila kunitazama, washa tu. Nitasikia injini nitajua. Nitasogeza miguu yangu.

Sitasimama mbele ya gari.

Baba yako